FAILI ZA TAWI ZILIZOFUTIKA



Kwa muda wa mwezi mmoja sasa maneno mengi yamesemwa katika mabehewa, katika hoteli za chai kando ya stesheni, na katika kambi za watu wa gengi. Yasemwa kwamba ofisi ya tawi imepoteza karatasi zote za wafanya kazi, tena wengine wasema imezipoteza kwa makusudi kwa kuwa imekula hongo. Maneno hayo ya hongo si kweli. Lakini hatuwezi kuwakasirikia wanaoyasema, kwa sababu sisi wenyewe tulinyamaza kuliko ilivyotupasa, na mtu akinyamaza wengine humsemea. Leo twaeleza mambo yote kama yalivyokuwa, pamoja na aibu yetu.

Kwanza, ni kitu gani kilichopotea. Zilikuwa faili 1,140 katika kompyuta ya ofisi. Nyingi kati ya hizo ni picha za karatasi za zamu, ambazo watu wa gengi wamekuwa wakizipiga kwa simu zao kila mwisho wa juma kwa karibu miaka mitatu, ili kuonyesha saa walizofanya kazi kupita kiasi bila malipo. Ndugu 62 wamedai haki yao kwa kutegemea picha hizo. Nao wanajua, kama sisi tujuavyo, kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haimngojei mtu milele. Dai likikaa zaidi ya miaka mitatu korti haitalisikiliza, na madai mengine muda wake ni mfupi kuliko huo. Kwa hiyo picha zile hazikuwa picha tu. Zilikuwa ni ada za shule za watoto, na mabati ya nyumba za watu huko Makueni na Kitui.

Wengine wameuliza habari za Fomu S, zile fomu mtu anazotia sahihi ili makato ya chama yakatwe katika mshahara. Hizo ziko salama. Ni za karatasi, ziko ndani ya kabati la chuma, na nakala zake ziko makao makuu. Wale waliokuwa wakituchekea kwamba tunapenda karatasi kama makarani wa zamani, sasa wamenyamaza kidogo.

Sasa, jinsi zilivyopotea. Ofisi ilikuwa imeiunganisha folda ya tawi na ghala la mtandaoni, ili vyombo vinne vione mambo yale yale: kompyuta ya ofisi, simu ya Mwenye Kiti, simu ya Katibu, na kompyuta ndogo ya karani wetu wa zamani, mzee aliyestaafu na kurudi kwao Tulia. Ukiweka picha katika chombo kimoja, yaonekana katika vyote. Tulifurahi sana. Tuliwaambia wanachama katika mkutano kwamba sasa faili za tawi ziko mahali pane, na wanachama wakapiga makofi.

Tuliwaambia uongo bila kujua. Faili hazikuwa mahali pane. Wengi wetu tuliosoma shule za misheni twakumbuka ubao mweusi wa mwalimu. Fikirini ubao mmoja, na watoto wanne wanautazama kupitia madirisha manne. Mwalimu akiandika, wote wanne wanaona. Mwalimu akipangusa ubao, wote wanne wanaona ubao mtupu, wala hakuna atakayesema, "Mimi kwangu maandishi yamebaki." Yatabaki kwa yule tu aliyeandika katika daftari lake. Kusawazisha faili kwa intaneti ni kutazama ubao kupitia madirisha. Nakala ya akiba ni daftari. Sisi tulihesabu madirisha tukadhani ni madaftari.

Ikafika siku diski ya kompyuta ya ofisi ikajaa, na mashine ikakataa kupokea picha mpya. Dada yetu karani, ambaye hana mwaka mmoja katika kazi hiyo, akauliza afanye nini. Akajibiwa, nasi hatufichi kwamba aliyemjibu ni mmoja wetu wa kamati, "Futa za zamani, zote ziko mtandaoni." Akafuta. Mashine nayo ikafanya kazi yake kwa uaminifu: iliona folda imefutwa hapa, ikafuta na kule, na katika simu zote mbili. Hakuna kengele iliyolia. Katibu hakuona kitu, kwa kuwa alikuwa hafungui folda ile isipokuwa siku ya mkutano.

Mtasema, je, hapakuwa na diski ya akiba? Ilikuwapo. Ilinunuliwa kwa fedha zenu, nayo ilikaa imechomekwa nyuma ya kompyuta usiku na mchana. Lakini yule fundi aliyetutengenezea aliipanga ifanane na folda kila Ijumaa usiku, kitu kwa kitu. Basi Ijumaa ile diski iliona folda tupu, ikajifanya tupu vilevile. Hilo ndilo lililotuumiza kuliko yote, maana mlinzi tuliyemwajiri ndiye aliyemfungulia mwizi mlango.

Ghala la mtandaoni lina pipa la taka, ambamo vitu vilivyofutwa hukaa siku 30 kabla ya kutupwa kabisa. Tungaliligundua jambo hili ndani ya siku hizo, kazi ingalikuwa ya dakika kumi. Sisi tuligundua siku ya 34, wakili wa chama alipoomba picha za ndugu wanane ambao madai yao yalikuwa ya zamani zaidi.

Hapo tukafanya kosa jingine, na hili twaliandika ili matawi mengine yasilirudie. Kwa hofu tuliyokuwa nayo tukamwita kijana wa duka la kompyuta, naye akapakua programu ya kutafuta faili zilizofutwa, akaiweka ndani ya kompyuta ile ile iliyopoteza faili. Ni kama mtu aliyeangusha shilingi katika mchanga, kisha akaleta toroli ya mchanga mwingine akamwaga hapo hapo ili apate pa kusimama akiitafuta. Faili ikifutwa, mara nyingi haitoki mara moja. Mashine hufuta jina lake tu katika orodha, na mahali pake pawa wazi kwa kitu kipya. Kila unachoandika baadaye chaweza kuketi juu yake. Tena kompyuta ya ofisi ina diski ya namna mpya isiyozunguka, na hizo zina desturi ya kujisafisha zenyewe baada ya kufuta. Kutoka humo hatukupata hata picha moja.

Diski ya akiba, kwa bahati, ni ya zamani, ya kuzunguka. Tuliichomoa, tukaipeleka kwa mtu anayejua kazi, naye akatumia programu iitwayo PhotoRec, ambayo hailipiwi, akiandika alichopata katika diski nyingine wala si ile ile. Zikarudi picha 96. Zilirudi bila majina, zina namba tu, na karani na Katibu walikaa siku mbili wakisoma tarehe katika kila karatasi ili kujua ni ya gengi gani. Nyingine zilikuwa zimeandikwa juu na kazi za Ijumaa nne zilizofuata.

Ndipo mtu mmoja akasema, "Na ile kompyuta ya Tulia?"

Mzee wetu tangu astaafu miezi mitano iliyopita hakuifungua. Aliifunga katika leso, akaiweka kabatini, akaenda kushughulika na mbaazi na ng'ombe wake. Kwa hiyo dirisha lake lilikuwa limefungwa siku ubao ulipopanguswa, na ndani ya kompyuta ile folda ilikuwa bado kama alivyoiacha.

Katibu akampigia simu. Mzee akafurahi kusikia kwamba anahitajiwa, akasema, "Ngojeni, naiwasha sasa hivi niwatumie." Ndugu zetu, pale ofisini watu watatu walipiga kelele kwa sauti moja: "Mzee, usiwashe!" Kwa maana kompyuta ile ilikuwa imezoea kujiunga na intaneti ya simu yake pasipo kuulizwa. Ingaliwaka, ikaungana, ikasikia habari kutoka mtandaoni kwamba folda imefutwa, nayo ingalifuta kwa utii kama zile nyingine, mbele ya macho ya mzee, kabla hajavaa miwani. Tukamwomba airudishe kabatini kwanza, kisha azime data katika simu yake, na asiiguse mpaka tufike. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mnanitisha na kompyuta yangu mwenyewe," lakini alifanya kama tulivyomwomba.

Kesho yake wawili wetu tulipanda matatu hapo Kibwezi, tukafuata barabara ya Mutomo mpaka Kitui, na kutoka Kitui mpaka Tulia, tukiwa na diski mpya mfukoni. Mama mwenye nyumba alitupikia muthokoi, tukala haraka haraka bila adabu, naye alitusamehe. Kisha tukazima simu zote tatu zilizokuwa mle ndani, tukaiwasha kompyuta kwa umeme wa sola, na folda ikafunguka. Picha 803. Tulizinakili zote katika diski mpya, tukafungua moja moja kumi za kwanza ili tuone zinasomeka, tukanakili tena katika flashi, na ndipo tukashusha pumzi. Programu ya kusawazisha tuliiondoa kabisa katika kompyuta ile kabla haijaiona intaneti tena.

Hizo 803 ni za miaka ya nyuma, mpaka siku mzee alipostaafu. Picha za wale ndugu wanane zilikuwamo zote, na wakili amekwisha kufikisha madai yao kortini kabla ya muda kwisha. Za miezi mitano ya karibuni hazikuwamo. Kati ya hizo zimepatikana zile 96 za diski, na 118 nyingine katika simu za wanachama wenyewe, hasa kwa sababu waliwahi kutumiana kwa WhatsApp. Zimebaki 123 ambazo hatuna. Hiyo ndiyo hesabu kamili, na karatasi yake imebandikwa katika ubao wa ofisi, mtu yeyote aje aisome.

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Katika kamati wako ndugu wanaotaka dada karani afukuzwe. Wasema amewatia hasara watu 62, na kwamba akisamehewa kila mtu atafanya apendavyo. Twawaheshimu ndugu hao, wengine ni wakubwa wetu katika kazi. Lakini twasema hapana, tena twasema kwa nguvu.

Sisi ni watu wa reli. Twajua kwa nini katika kibanda cha ishara mikono ya pointi na ya ishara imefungwa pamoja kwa chuma, hata mtu hawezi kuishusha ishara ya kupita ikiwa pointi hazikukaa sawa. Mikono hiyo haikufungwa kwa kuwa watu wa ishara ni wajinga. Ilifungwa kwa kuwa mtu yeyote, hata aliye hodari, siku moja atachoka, au ataambiwa neno lisilo sawa, na siku hiyo kosa la mkono mmoja lisiue watu katika gari moshi. Kila palipotokea ajali na mkubwa akataka kumfukuza mpiga bendera upesi upesi ili mambo yaishe, chama hiki kimesimama na kuuliza: nani alimpa amri? Alifundishwa? Chombo kilikuwa kizima? Kwa nini kosa dogo liliweza kufika mbali namna hiyo? Maswali hayo tumeyauliza mbele ya waajiri mara nyingi. Haitawezekana tuyasahau siku ambayo mwajiri ni sisi.

Haya, tujiulize. Nani alimpa amri ya kufuta? Mtu wa kamati. Alifundishwa? Alionyeshwa kwa nusu saa, akaachiwa neno la siri. Chombo kilikuwa kizima? Diski ya akiba ilikuwa imepangwa vibaya tangu siku ya kwanza, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuijaribu. Huyo dada ndiye aliyetuambia mwenyewe, machozi yakimtoka, kwamba alifuta. Kama angalikuwa mwerevu wa ubaya angalisema mashine imeharibika, nasi tungaliamini.

Tena msidhani haya hutokea kwa watu wa vijijini tu. Mwezi wa Desemba mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto, huko Japani, kilipoteza faili karibu milioni 34 za wataalamu wake. Waliozifuta hawakuwa wezi. Ilikuwa ni programu ile ile iliyowekwa kutunza akiba, ambayo ilikuwa imebadilishwa vibaya na kampuni iliyouza mashine, na kampuni ikakiri kosa lake. Na huko Marekani mwaka 1998, katika kampuni ya Pixar itengenezayo sinema za katuni, amri moja iliyoandikwa vibaya ilifuta sehemu kubwa ya sinema ya Toy Story 2 ikiwa bado inatengenezwa. Walipoiendea akiba yao wakakuta haikuwa imefanya kazi. Waliokolewa na mama mmoja, Galyn Susman, aliyekuwa na kompyuta nyumbani kwa kuwa alikuwa amejifungua mtoto na akifanya kazi kutoka huko. Waliibeba kompyuta hiyo kwa gari, imezungushiwa mablanketi. Tuliposoma habari hiyo tulimkumbuka mzee wa Tulia na leso yake.

Kamati imekubali mambo haya, ingawa kwa kura za kukaribiana. Diski mbili zimenunuliwa kwa shilingi 13,000. Ndugu mmoja alisema fedha hizo zingalinunua viti, na kweli viti vya ofisi ni vibovu, lakini mtu aweza kusimama mkutanoni, hawezi kusimama kortini mikono mitupu. Diski moja itakaa ofisini, imechomolewa, na kuchomekwa mara moja tu kwa juma wakati wa kunakili. Ya pili itakaa mbali na ofisi, na kubadilishana na ya kwanza kila mwisho wa mwezi. Hazitafanana na folda kwa upofu: kila nakala itawekwa kando na tarehe yake, na za zamani hazifutwi mpaka watu wawili wa kamati watie sahihi katika kitabu. Kila mwezi Mweka Hazina, ambaye hajui kompyuta na ndiyo maana amechaguliwa, atataja faili yoyote apendayo, na karani ataitoa katika diski mbele yake. Isipotoka, hiyo si akiba. Kwa kuwa katika diski hizo mna majina ya watu na namba zao za vitambulisho, zitafungwa kwa neno la siri na kwa kufuli, maana Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yatuhusu sisi kama inavyomhusu mwajiri.

Na ninyi wanachama, picha mkishaituma ofisini msiifute katika simu. Tumewaona wengine wakifuta karatasi ya zamu ili wapate nafasi ya mabao ya mpira. Najua mtatuambia kwamba mwajiri naye ana karatasi zake na sheria yamlazimu kuweka kumbukumbu. Ni kweli yamlazimu. Lakini ni mtu gani aliyeshitaki jirani yake akamwachia huyo huyo jirani ushahidi amtunzie?

Picha 123 zilizokosekana ni za magengi mawili, yale yaliyofanya kazi usiku kati ya Mtito Andei na Kibwezi na kati ya Kibwezi na Emali katika miezi hiyo mitano. Kila aliyekuwa huko, hata kama alikuwa kibarua wa siku chache, na atafute katika simu yake, katika simu ya zamani aliyompa mtoto, na katika stakabadhi za mshahara, aje ofisini Jumamosi hii au ijayo kuanzia saa tatu asubuhi. Aliyeandika saa zake katika kijitabu cha mfukoni na aje nacho pia, wakili ameomba kuviona. Dada karani atakuwapo siku zote mbili kuwapokea.